Mimi Niliandika, Wao Walishika

Kila mwisho wa muhula shule yetu ilibandika matokeo kwenye ubao ulio nje ya chumba cha walimu, na sisi wa kidato cha pili tulisukumana pale kama watu wanaogombania maji ya mfereji. Ilikuwa shule ya kutwa, ya wavulana na wasichana, upande wa Donholm, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mimi nilitoka Mukuru kwa Njenga, mtaa wa mabanda. Asubuhi nilivuka reli kwa miguu, na msimu wa mvua nilibeba viatu mkononi, nikavivaa nilipokaribia lango.

Ungeweza kufunika majina yote ya ubao ule kwa kiganja, ukasoma masomo na nafasi tu, na bado ukajua msichana ni yupi na mvulana ni yupi. Kiswahili, Kiingereza, dini, sayansikimu: wasichana juu. Hisabati, fizikia, uchoraji wa kiufundi: wavulana juu, na sisi tumebanana huko chini. Mimi nilikuwa wa kwanza katika Kiswahili. Katika fizikia nilikuwa wa pili kutoka mwisho, na aliyenifuata alikuwa mvulana aliyeugua homa ya matumbo akakosa nusu ya muhula.

Hakuna aliyeshangaa. Ndilo jambo ninalolikumbuka zaidi kuhusu ubao ule. Walimu hawakushangaa, wazazi hawakushangaa, na mimi mwenyewe nilisoma nafasi yangu ya fizikia kama mtu anayesoma habari za hali ya hewa. Nilijua tu kwamba ndivyo ilivyo.

Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa kijana aliyetoka chuo kikuu si zamani, mpole, mwenye suti ya kijivu aliyoivaa Jumatatu na Ijumaa. Hakuwahi kutudharau wasichana hata siku moja. Alituonea huruma. Alipotugawia karatasi za mtihani alishusha sauti alipofika kwenye zetu, na siku moja, alipoona rafiki yangu mmoja anafuta machozi, alisema, "Wasichana wangu, msijitese. Mwaka ujao mtachagua masomo. Biolojia ipo."

Tulicheka kwa faraja. Nilikuwa nimeshaamua zamani. Kidato cha tatu kingefika na fizikia ningeiaga.

Sasa nieleze jinsi tulivyosoma maabara, kwa sababu mambo yote yalianzia hapo. Vifaa vilikuwa vichache, kwa hivyo tuligawanywa makundi ya watu watano au sita kwa meza moja. Mwalimu akishasema "Anzeni," wavulana waliviangukia vile vifaa kwa mikono yote. Huyu ameshika betri, huyu ana waya, huyu anafungua nati kwa meno. Halafu mmoja wao alinisukumia daftari na kusema, "Wewe una mwandiko mzuri, andika."

Kweli nilikuwa na mwandiko mzuri. Ulisifiwa tangu shule ya msingi. Mama aliwaonyesha wageni madaftari yangu kabla hata chai haijachemka. Basi nilikaa mwisho wa meza, rula mkononi, nikichora jedwali. Wao walitaja nambari kwa sauti, "Sifuri nukta mbili! Sifuri nukta tatu!" nami niliandika. Ripoti ya kundi letu ilipata alama nzuri kila mara. Kwenye meza nyingine hali ilikuwa ile ile: wavulana wamesimama wameinama juu ya vifaa, msichana mmoja ameketi anaandika, na wengine wawili wameegemea ukuta wakiongea mambo yao.

Mwisho wa muhula kila mtu alifanya mtihani wa maabara peke yake. Hapo ndipo nilipoaibika. Nilisimama mbele ya waya na mita kama mgeni aliyeachwa jikoni mwa watu, hajui sufuria ziko wapi wala kiberiti kiko wapi. Kanuni zote nilikuwa nazo kichwani. Mikono ndiyo iliyokuwa haina habari.

Aliyeligundua hilo hakuwa mwalimu. Alikuwa msaidizi wa maabara, mwanamke wa makamo kutoka Pumwani, Mwislamu, aliyevaa koti jeupe juu ya buibui lake na kufunga mtandio kichwani hata siku za joto kali. Kazi yake ilikuwa kutoa vifaa, kuvihesabu, kuviosha na kuvifungia kabatini. Sote tulimwita Mama Maabara, na sote tulimwogopa. Aliwahi kumtoa mvulana mmoja mbio kwa kula chapati karibu na chupa ya asidi, akamfuata mpaka uwanjani akimtajia kila kiungo cha mwili ambacho kingeungua.

Alhamisi moja ilikuwa zamu yangu kubaki na kufuta meza. Wenzangu walishatoka. Mama Maabara alikuwa akikusanya waya, mara akasimama mbele yangu.

"Wewe ndiye mwenye lile daftari safi?"

"Ndiyo, Mama."

"Nimeliona mezani kwa mwalimu. Zuri sana. Hebu niwashie taa hii."

Akaweka mbele yangu betri, nyaya mbili, swichi na balbu ndogo kwenye kishikio chake. Nikacheka kidogo nikidhani ni mzaha. Hakucheka. Nikaanza kuunganisha. Nikashika waya huu, nikauacha, nikashika ule. Balbu haikuwaka. Nikageuza betri. Haikuwaka.

"Somo hili mmelifanya leo?" akauliza.

"Tumelifanya."

"Na ripoti umeiandika wewe."

"Ndiyo."

"Nani alishika?"

Akavuta stuli akaketi, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Mimi ndiye ninayezipanga hizi meza na ndiye ninayezipangua," akasema. "Wasichana mkitoka humu ndani vidole vyenu vina wino. Wavulana wakitoka, vyao vina kutu na grisi. Kila wiki. Nimechoka kuliangalia jambo hilo."

"Lakini Mama, wao wanajua zaidi."

"Wamejulia wapi?"

Swali lile lilinifanya nifikiri. Karibu na kwetu palikuwa na kibanda cha fundi wa redio, na wavulana wa mtaa walishinda pale Jumamosi nzima, wakimshikia bisibisi, wakimkorofishia kazi, wakifukuzwa na kurudi. Msichana akisimama pale, fundi alimuuliza ametumwa na nani. Ukijibu hujatumwa, alikuambia nenda ukamsaidie mama yako. Wenzangu wale hawakuzaliwa na umeme vidoleni. Waliruhusiwa kusimama mahali fulani, basi.

Mama Maabara hakunionyesha jinsi ya kuwasha ile balbu. Aliniacha nihangaike. Mwishowe niligundua kwamba balbu ilikuwa imelegea kwenye kishikio chake. Nikaikaza, na ikawaka. Nikacheka kwa sauti peke yangu kama mwendawazimu. Taa ndogo kama punje ya hindi, mchana kweupe, na mimi nafurahi kana kwamba nimewasha mji mzima.

"Haya, izime," akasema. "Betri zinaisha."

Wiki iliyofuata nilimsikia akizungumza na mwalimu. Nilikuwa naosha kitambaa kwenye sinki na wao walikuwa kwenye chumba kidogo cha vifaa, mlango wazi.

"Mama, mimi sijamkataza msichana yeyote kushika kitu," mwalimu alikuwa akisema, na sauti yake ilionyesha kwamba ameumia.

"Hujamkataza. Lakini njoo siku moja usimame mlangoni hapa, usifundishe, utazame tu."

Mwalimu yule angeweza kumwambia arudi kwenye kazi yake ya kuosha vyombo. Yeye alikuwa na digrii, na Mama Maabara alikuwa na cheti cha kidato cha nne. Walimu wengi wa wakati ule wangemjibu hivyo. Lakini somo lililofuata alitupa kazi, akaenda akasimama mlangoni mikono nyuma, na kwa muda wa kipindi kizima hakusema neno. Kengele ilipolia uso wake ulikuwa umebadilika.

Juma lililofuata akatangaza utaratibu mpya. Aliyeandika wiki iliyopita, wiki hii atashika. Aliyeshika, ataandika.

Wavulana walilalamika mpaka darasa la jirani likasikia. "Mwalimu, hawa watatuchelewesha!" Mwingine akasema kwa Sheng, lugha ya vijana wa mitaani, "Manzi ataunguza kila kitu, buda." Na ukweli ni kwamba wasichana wengi pia hatukufurahi. Tulikuwa na starehe yetu pale ukutani.

Siku ya kwanza ya utaratibu mpya niliunguza kifaa kweli. Tulitakiwa kupima mkondo wa umeme kwa ammita. Nilijua kwa maneno kwamba ammita huunganishwa katika mfuatano na balbu. Nilikuwa nimeandika sentensi hiyo mara nyingi, tena kwa mwandiko wa kupendeza. Nikaichukua ile mita, nikaibandika moja kwa moja kwenye ncha mbili za betri. Mshale uliruka upande wa pili ukagonga ukingo, tak, ukapinda, na harufu ikatoka.

Shule ilikuwa na ammita chache mno. Yule aliyetabiri kwamba tutaunguza alifungua mdomo, akaufunga. Mwalimu akaja, akaishika ile mita, akaigeuza, akashusha pumzi ndefu. Nilitamani sakafu ipasuke.

Mama Maabara akaja akainusa. "Shoti," akasema. Kisha akanitazama. "Kesho saa ya chakula cha mchana njoo nayo kabatini kwangu."

Nilikwenda nikidhani ninakwenda kuadhibiwa. Nikamkuta ametandika gazeti juu ya meza, na juu yake bisibisi ndogo, kibano na kikuza, kile kioo cha kusomea maandishi madogo. Akanipa bisibisi.

"Fungua."

"Mimi?"

"Aliyeiharibu ni nani?"

Nikafungua. Ndani mlikuwa na sumaku iliyopinda, na katikati yake kijisanduku kilichozungushiwa waya mwembamba kama unywele wa mtoto mchanga, na juu yake mshale mwepesi uliopinda. Niliduwaa. Neno ammita nilikuwa nimeliandika katika madaftari mawili mazima na sikuwahi kujiuliza mna nini ndani. Tukanyoosha mshale kwa kibano, polepole, yeye akishika kikuza na mimi nikishika pumzi. Waya mmoja ulikuwa umeachia. Akanifundisha kuurudisha kwa lehemu. Tulitumia saa za chakula cha mchana za siku tatu. Siku ya tatu mshale ulisimama kwenye sifuri, na tulipoiunganisha vizuri, ukapanda hadi mahali pake.

"Ulijifunza wapi, Mama?" nikamuuliza.

"Hapa hapa. Mnaharibu, natengeneza. Ningefanya nini?"

Jioni ile nilitembea kurudi nyumbani nikiangalia kila nguzo ya umeme njiani kana kwamba imesimamishwa siku hiyo.

Utaratibu mpya ulikuwa na matokeo mengine ambayo hakuna aliyeyatarajia. Wavulana walipolazimishwa kuandika, ripoti zao ziligeuka kuwa balaa. Walijua walichokifanya lakini hawakuweza kukisimulia. Majedwali yamepinda, maneno yameruka. Alama za makundi zikaporomoka, na ndipo walipotambua kwamba tulipokuwa tumekaa pale mwisho wa meza tulikuwa tunafanya kazi.

Mmoja tu alikuwa tofauti, mvulana mrefu wa kundi letu, mkaazi wa Donholm, ambaye baba yake alikuwa na duka la jumla na alitaka mwanawe awe mhandisi, hapana mjadala. Mwandiko wake ulikuwa kama mguu wa kuku, lakini ripoti yake ya kwanza mwalimu aliisoma mbele ya darasa huku akijizuia kucheka. Iliandikwa kwa Kiingereza, lugha ya somo, na nikikumbuka ilisema kwamba mshale ulipanda, ukasita, kama mtu anayebisha mlango asioujua ni wa nani. Darasa likaangua kicheko. Yeye akajikunyata kitini.

"Hii si ripoti ya fizikia," mwalimu akasema. "Lakini hebu umwonyeshe mwalimu wa Kiingereza."

Wenzake walimtania wiki nzima. Walimwambia anasoma masomo ya mamanzi, yaani ya wasichana. Siku moja tukiwa tunasubiri maabara ifunguliwe akanong'ona, "Usimwambie mtu," akanipa daftari lililojaa insha alizoziandika nyumbani na kuzificha chini ya godoro. Nilizisoma zote. Zilikuwa nzuri kuliko zangu, mimi niliyeongoza darasa kwa lugha, na zilinifundisha unyenyekevu. Yeye alikuwa anapata alama za wastani kwenye insha za shule kwa makusudi, ili asionekane. Tukakubaliana: atanieleza mambo ya hisabati yaliyonishinda, nami nitamnyooshea Kiswahili chake, ambacho kilikuwa kibovu kweli kweli.

Mwisho wa mwaka tulipewa fomu za kuchagua masomo, mzazi atie sahihi. Niliweka alama kwenye fizikia.

Baba yangu alikuwa kibarua wa muda mrefu katika kiwanda cha mablanketi, Industrial Area, msaidizi wa mashine. Alitoka magharibi ya nchi akiwa kijana, akaanza kubeba mizigo, akapanda hadi hapo, na hapo akakwama. Alikuja nyumbani na nyuzi za sufu kwenye nyusi. Jioni ile aliishika fomu yangu karibu na dirisha, akaisoma yote, akaisoma tena.

"Umekuwa wa kwanza kwa Kiswahili," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Na fizikia ulikuwa wa ngapi?"

Nikamwambia.

"Sasa mbona uache unapoongoza uende unapovuta mkia? Kuwa mwalimu wa Kiswahili ni kazi ya heshima. Fizikia ni ya nini kwa mtoto wa kike?"

Nikajikuta namweleza habari za ammita: jinsi nilivyoiunguza, nilivyoifungua, nilichokiona ndani. Nilieleza kwa mikono. Mama alikuwa akichambua mboga za kunde mlangoni. Aliacha kuchambua akanisikiliza.

"Baba yake," akasema nilipomaliza, "huyu mtoto hajawahi kutueleza Kiswahili namna hii."

Baba akakunja fomu akaiweka mfukoni. Siku ya tatu alirudi kutoka kazini, akanawa uso, akaniita.

"Nimemuuliza fundi mkuu wa umeme wa kiwandani kama amewahi kufanya kazi na fundi wa kike. Akasema hajawahi. Nikamuuliza, kuna sheria inayokataza? Akafikiri, akafikiri, akasema hapana, ni vile tu hajawahi kumwona."

Akatoa fomu mfukoni. Sahihi ilikuwa tayari imetiwa.

Tangu siku ile aliniletea vitu vilivyotupwa kiwandani, kwa ruhusa ya yule fundi: swichi zilizoungua, fyuzi, vipande vya waya. Tulivifungua pamoja kabla ya chakula cha jioni. Niligundua kwamba baba yangu alikuwa na njaa ya kujua mambo hayo. Miaka yote ile alikaa kando ya mashine akiambiwa "shika hapa, vuta pale," na hakuna aliyewahi kumweleza kwa nini. Nilimchorea, naye aliuliza maswali magumu kuliko ya mwalimu. Jioni moja alinitazama akasema, "Kumbe hii fyuzi ndiyo hukatika kila tukiwasha mashine mbili pamoja!" na kesho yake akaenda kumwambia fundi, na fundi akakubali kwamba ni kweli.

Singependa mtu afikiri kwamba mambo yalinyooka. Kidato cha tatu tulikuwa wasichana watatu tu katika fizikia. Mtihani wa kwanza nilianguka vibaya, nikalia chooni, nikaandika barua ya kuomba kubadilisha somo. Mama Maabara aliiona nikiwa naikunjua na kuikunja. Hakuisoma. Alisema tu, "Jumamosi nitakuja kuosha chupa. Mkitaka kuja, njooni." Alizungumza na mwalimu, mwalimu akazungumza na mwalimu mkuu, na tukapewa ruhusa. Jumamosi nyingi za miaka ile miwili alikuja kutoka Pumwani, siku isiyokuwa yake ya kazi, akatufungulia maabara sisi wasichana watatu. Mwalimu naye alikuja alipoweza, bila suti, kwa shati la mikono mifupi, na mara kadhaa yule mvulana mrefu alikuja akidai ameleta daftari tu, akabaki. Tulirudia majaribio mpaka mikono ikazoea. Saa saba Mama Maabara alituhesabia vifaa, akatufukuza, akaenda kuswali.

Ile barua sikuipeleka.

Matokeo ya mtihani wa taifa yalipotoka, tulisukumana tena kwenye ubao ule. Aliyeongoza fizikia alikuwa mvulana, kama miaka yote. Lakini wa pili alikuwa msichana, mmoja wa sisi watatu, mkimya ambaye sikuwahi kumsikia akijibu swali darasani. Mimi nilipata B. Katika Kiswahili nilipata A, na watu wengi walinipongeza kwa hiyo A wasiione B. Mimi niliitazama ile B mpaka macho yakauma. Na katika Kiingereza, juu ya wasichana wote, alikuwa yule mrefu wa Donholm. Baba yake, nilisikia, alimnunulia kamusi.

Nilijiunga na chuo cha ufundi, kozi ya umeme, tukiwa wasichana wawili darasani. Siku niliyofunga sanduku, Baba alinipa bisibisi yenye mpini wa mbao aliyozawadiwa na yule fundi wa kiwandani. Fundi alituma ujumbe kwamba akiulizwa tena atasema amemwona fundi wa kike. Leo kazi yangu ni kutengeneza vifaa vya hospitali, hasa mashine za kuwapa joto watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Yule mrefu ni mtangazaji wa redio. Nikisikia sauti yake asubuhi nikiwa napiga pasi, huiongezea redio sauti. Wenzangu wawili wa Jumamosi, mmoja anafundisha hisabati na mwingine aliolewa akaenda kuishi mbali, na barua zake zilikuwa za kuchekesha sana.

Miaka michache baada ya kuanza kazi nilikwenda Pumwani kumtafuta Mama Maabara. Alikuwa amestaafu. Nilimkuta uani anaanika nguo za wajukuu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nani wewe?"

Nikamweleza. Nikamweleza ile Alhamisi, ile balbu, ule mshale uliopinda. Nilikuwa nimeipanga hotuba yangu ya shukrani tangu nyumbani. Alinisikiliza kwa makini, kibanio cha nguo mkononi, kisha akatikisa kichwa.

"Sikumbuki, mwanangu. Wasichana walikuwa wengi."

Nilidhani siku ile ilikuwa yangu peke yangu, kumbe yeye alikuwa akiweka betri na balbu mbele ya msichana huyu na yule, mwaka baada ya mwaka, kwa wanafunzi ambao sikuwajua, waliokuja kabla yangu na baada yangu. Nikasema tu, "Asante, Mama."

"Ya nini? Umekula?"

"Bado."

"Basi ingia ndani. Pilau iko."

Nikaingia. Nilikula sahani mbili, na akanilazimisha ya tatu, huku akinihoji kuhusu zile mashine za watoto: zinapimaje joto, na zikiharibika naanzia wapi. Kila nilipojibu kwa ufupi alinisimamisha akataka nieleze vizuri, tangu mwanzo, na wajukuu wake wakaja mmoja mmoja wakakaa mkekani kusikiliza.